Vitabu Nilivyokataa Kuvitoa Ghalani

Sikuchaguliwa kwenda sekondari. Naanza na hilo kwa sababu kila aliyekuja kubishana nami kuhusu vitabu alianza na hilo, na nimechoka kulisubiri. Nilimaliza darasa la saba, jina langu halikuwamo, nikabaki nyumbani kwa mama pale Bigwa nikipalilia migomba na kusoma chochote chenye herufi: magazeti ya kufungia maandazi, maelezo ya dawa ya wadudu, kalenda za miaka iliyokwisha pita. Kiingereza nilijifunza peke yangu kwa kamusi iliyochanika, iliyoanzia katikati ya herufi B. Maneno ya A nilikuwa nayakisia tu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Vitu tulivyozoea kuvisikia vikitajwa tu vikaanza kumwagika sokoni Morogoro mjini, sabuni za kila rangi, viatu, redio, nguo za mitumba. Ndani ya marobota ya mitumba, katikati ya makoti mazito ambayo hakuna mtu wa kwetu angeyavaa, mara nyingine palikuwa na vitabu. Wauza nguo waliwapa wauza karanga wachane kurasa. Mimi nilivigombania. Vya Kiswahili vilikuwa vimeadimika mno; duka tulilonunulia vitabu vya shule sasa liliuza ndoo.

Ushirika wetu nao ulikufa siku hizohizo. Ghala lake likabaki tupu, linanuka magunia na dawa ya pamba, na kamati ya wakazi ikakubali nitumie humo mbao za zamani kupanga vitabu, watu waje kuazima. Wakaongeza na vichache vilivyotolewa msaada. Nikapewa ufunguo. Kwa msichana asiye na cheti chochote, ufunguo ule ndio uliokuwa cheti changu.

Sasa niungame jinsi nilivyo. Kuazimisha kitabu hakukunisumbua. Kumchagulia mtu kitabu ndiko kulikonitoa jasho. Kila aliyeingia na kusema, "Dada, nichagulie," niliona kama naingia tena mtihani ule ulioniangusha. Nilikuwa sipendekezi kitabu nisichokisoma chote, na nikishampa mtu nilianza kujihoji: je, kama ukurasa fulani utamuumiza? Kama atacheka? Kama atadhani namdharau? Nilifanya mazoezi ya maneno ya kupendekeza mbele ya ukuta wa ghala, nikiushawishi ukuta uazime.

Siku moja nilimpa mtoto wa milimani, mguu wake mmoja umepinda kwa polio, kitabu cha mvulana anayetembea kwa gongo na kuvuka nchi nzima akiwa na mbwa wake. Nilimsimulia mwanzo kwa Kiswahili ili picha, na maneno ya Kiswahili niliyokuwa nayaandika pembeni mwa kila kitabu cha Kiingereza, vimwongoze. Alipokwisha kuondoka ndipo nilipokumbuka kwamba mbwa anakufa. Sikulala vizuri mpaka nikapanda Uluguru kumfuata, na kitabu kingine kwapani, chenye mwisho mwema. Njia ile inapanda katikati ya matuta ya kabichi na mashamba ya ndizi mpaka magoti yanalia. Nilimkuta amekaa mlangoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kile kitabu umefika wapi?"

"Nimemaliza."

"Na mbwa?"

"Alikufa. Nimemzika." Akaninyooshea kwa gongo kilima kidogo cha udongo nyuma ya jiko. Juu yake aliweka ua la boga.

Bibi yake akadakia kutoka ndani: "Tangu juzi nalishwa msiba wa mbwa! Nyumba hii haijafuga mbwa tangu babu zetu. Mwanangu, umetuletea matanga ya Wazungu."

Nilitaka kuomba radhi. Yule mtoto akanikatiza. "Dada, gongo lake yeye lina mpira chini. Halitelezi." Hakusema kingine juu ya mvulana yule. Hakusema amefarijika wala hakulia. Alikuwa ameona mpira. Nilipopita tena baada ya muda, babu yake alikuwa amekata kipande cha tairi na kukipigilia kwenye gongo.

Kitabu chenye mwisho mwema nilirudi nacho kwapani. Nilishuka mlima nikiwa na hasira, na haikuwa hasira ya mtoto wala ya kitabu. Nilikuwa nimetumia siku mbili kumlinda mtu ambaye hakuhitaji kulindwa.

Tangu hapo nikaanza kuchagua kwa ubishi. Binti mmoja aliyeuza vitumbua karibu na stendi alikuja amefunga ushungi wake, akanirudishia kitabu kwa vidole viwili kama kitambaa kichafu.

"Huyu demu wa kwenye kitabu kila saa analia kwa sababu ya mvulana. Hana kazi za kufanya? Hata maji hateki!"

"Hukukipenda?"

"Nimekisoma mara mbili. Lakini nimekasirika."

Nikampa kingine nilichokuwa nacho, cha msichana wa mji wa jangwani, Mwislamu, anayejua nyota kuliko waongoza misafara na anayewadanganya majambazi mpaka wanapotea. Kiingereza chake kilikuwa kigumu. Tulikisoma pamoja, yeye akikoroga unga, mimi nikitafsiri. Tulipofika mahali msichana anapokaza ushungi wake kabla ya kupanda ngamia, binti wa vitumbua aliacha mwiko ukasimama wenyewe kwenye unga. "Rudia hapo," alisema. Nikarudia.

Watu wazima walikuwa na aibu zaidi. Walitaka vitabu vya mambo yasiyowezekana, majoka, majini, miji iliyo chini ya ziwa, lakini hakuna aliyekubali kuonekana akivitaka. Kulikuwa na baba mmoja aliyepunguzwa kazi kule kwenye miwa, upande wa Turiani, mikono mipana imejaa makovu ya panga.

"Namchukulia mtoto," alisema, akishika kitabu cha joka.

"Mtoto wa darasa la ngapi?"

"Aah, mkubwa kidogo."

"Ana ndevu?"

Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Halafu akaniambia, sauti ya chini, "Dada, ya kweli nimeshayaona. Nipe ambayo sijayaona." Nikampa na cha pili, cha nchi ambayo wafalme wake ni wanawake wa ukoo mmoja na ardhi inarithiwa kwa mama, kama ilivyo kwetu Uluguru. Akadhani mwandishi wake ni Mluguru. Nikamwambia hapana, huyo hajui hata Morogoro iko wapi. "Basi kumbe hatuko peke yetu," alisema. Kwa kazi yangu, sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo.

Shida ilianza na watoto kusimulia. Walisimulia majini madrasani, wakasimulia majoka kwenye mafundisho ya Jumapili, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe ustadhi na katekista wakakubaliana jambo. Wazazi nao walikuwa na lao. Shule za kulipia zilikuwa zimeanza kufunguliwa, kila mtu anataka mwanawe apite, na wakasema ghala linapoteza akili za watoto wakati vitabu vya mtihani havina nafasi. Kamati ikaitisha kikao humohumo ghalani, Jumamosi alasiri. Neno lilishanifikia: nitoe vitabu vyote vya mambo ya uongo, vibaki vya masomo, ama nitoe ufunguo.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee Mnyamwezi, mstaafu wa kiwanda cha sukari, aliyejenga Bigwa zamani. Mimi ni Mluguru. Kwa hiyo, kwa desturi ya makabila yetu, tulikuwa watani, na utani wetu ulikuwa mtamu. Tangu nikiwa mdogo akinikuta njiani ananinyang'anya muwa nilioushika, na siwezi kukasirika. Nami nikimkuta na kofia mpya naivaa naondoka nayo. Mimi ambaye mbele ya mtu mzima yeyote ulimi hunikauka, kwake yeye nilikuwa na mdomo. Utani ulinipa ruhusa.

Basi alipofungua kikao alianza kwa mchezo wetu.

"Huyu mtani wangu amezoea kulima akining'inia mlimani kama kima, ndiyo maana hata akili yake inaning'inia. Watoto wanataka hesabu, yeye anawapa majini. Mtani, vitoe."

Watu wakacheka. Nikasimama. "Wewe mpagazi, babu zako walibeba mizigo ya misafara mpaka pwani, leo kitabu kimoja kimekushinda uzito? Sitoi."

Kicheko kikalipuka. Mama mmoja akapiga vigelegele.

"Utatoa! Nitakuoza kwa mjomba wangu kule Tabora asiye na meno!"

"Mlete, nitamsomea. Asiye na meno ndiye anayesikiliza. Sitoi."

Wakazidi kucheka, wakapiga benchi. Nami nilikuwa nacheka, mpaka nilipomsikia katibu wa kamati akisema kwa furaha, "Haya, tumemalizana, atavitoa Jumatatu." Kila mtu akaitikia. Hapo ndipo nilipoona. Nilikuwa nimekataa mara mbili mbele ya kikao kizima na hakuna hata mmoja aliyesikia. Walisikia utani. Mluguru akimwambia Mnyamwezi sitoi, maana yake ni mchezo unaendelea; baadaye, mambo ya kweli yakija, atafanya alivyoambiwa.

Ningeweza kukaa. Nasema wazi, miguu ilitaka kukaa. Jumatatu ningevificha vichache chini ya magunia, ningevitoa vingine, na ningebaki na ufunguo, na mtani wangu, na kicheko. Nilimtazama yule baba wa miwa kwenye benchi la nyuma. Alikuwa anatazama viatu vyake. Sikumlaumu, alikuwa anatafuta kibarua kwa wajumbe walewale.

Nikapita katikati ya watu mpaka mbele ya mwenyekiti, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Tulikwishaamkiana mlangoni. Na watani wakishaanza kutaniana hawarudi nyuma kuamkiana upya. Anayeamkia upya amefunga mchezo. Kicheko kilibaki mdomoni mwa mzee bila kazi.

"Marahaba," alisema.

"Sitanii, mzee. Vitabu vya mtihani vileteni, nitavipanga, nitavifuta vumbi, mtoto akija nitamfundisha ninachokijua. Lakini sitoi hata kimoja kwa sababu kina jini. Sitoi cha mtoto wa gongo. Sitoi cha msichana wa ushungi. Mkisema watu wazima wanaosoma majoka ni wajinga, andikeni na mimi." Sentensi iliyofuata sikuwa nimeifanyia mazoezi, mpaka leo naiona ina kasoro. "Watoto wetu wamepewa vitabu vya watu wengine peke yake. Sasa vimekuja vichache vyenye watu kama wao, na vyenye watu wasiofanana na mtu yeyote, na ndivyo mnavyotaka kuvitupa kwanza."

"Umesoma mpaka wapi wewe?" katibu aliuliza.

"Darasa la saba."

"Basi."

"Ndiyo. Darasa la saba, na nimevisoma vyote. Wewe umesoma kipi?"

Mwenyekiti alinyoosha kiganja. Nilijua safari hii hanyang'anyi muwa. Nikaweka ufunguo kiganjani mwake.

Vile vya msaada niliviacha. Vyangu, nilivyovigombania mitumbani, nilivibeba kwa gunia, safari moja baada ya nyingine, jua likiwaka, watu wakitazama. Binti wa vitumbua alinipokea gunia la pili bila kuombwa. Mama alinikuta navipanga barazani, juu ya ubao wa kuanikia mpunga tuliopewa na ndugu wa Dakawa. Nilimwambia yaliyotokea, nikingoja aniambie nirudi nikaombe radhi.

"Kiwanja hiki ni cha ukoo wa mama yangu," alisema. "Hapa kamati haina ufunguo wa kuchukua. Sogeza ule mtungi, vitalowana."

Ghala walilijaza vitabu vya mtihani kwa muda, kisha mtu akaanza kulaza humo saruji. Barazani kwetu watu wanakuja. Wapo wanaotaka vya mtihani na ninavyo. Ninawapa, na juu yake naongeza kimoja ambacho hawakuomba. Anayekataa namwambia achukue hivyohivyo. Bado najihoji. Bado naweza kumfuata mtu mpaka njia panda kumwambia nimebadili mawazo. Lakini nimeacha kuomba radhi kwa sababu ya joka.

Mzee hupita mbele ya nyumba yetu akienda dukani. Namwamkia, anaitikia, anapita. Hanitanii tena. Kuna siku natamani aingie anyakue kitabu, aseme Waluguru hawana akili, akimbie nacho bila kukirudisha. Inaniuma, sitaficha. Wiki iliyopita mama alinishauri nigeuze vitabu, migongo ikae upande wa barabara, ili mzee akipita asione picha za majini kila siku akadhani namkomoa. Nilifikiria ushauri huo asubuhi nzima. Halafu nikaviacha jinsi vilivyo, majalada yakitazama barabara.