Paa la Watu Wawili

Marehemu mume wangu alilitoa Dar lile gari, kuukuu, lenye paa la bati linalojikunja na kujilaza lenyewe ndani ya buti. Mtaa mzima hapa Masoko ulitoka kutazama. Mimi nikasema, jamani, na jua hili la Kilwa, nani anataka gari la kuvua paa? Rahisi ghali, nikamwambia. Akacheka tu.

Vituko vikaanza. Ukilifungua, paa linajaa butini, huna pa kuweka hata samaki wa kitoweo. Ukilifunga, mvua inapenya kwenye mipira ya madirisha na zulia linanuka uvundo. Kisha pampu ya kunyanyulia paa ikachoka, na spea haikupatikana. Tukabuni yetu: yeye ndani ameshikilia swichi, maana ukiiachia tu linagoma palepale, mimi nyuma nasukuma bati kwa mikono miwili, kanga inanidondoka, nawatukana yeye na gari lake. Wapita njia hoi kwa kicheko. Nilinuna kweli, lakini akiniita nilikwenda mbio.

Asubuhi aliyougua alikuwa amelifungua ili zulia likauke. Jirani akamkimbiza hospitali kwa bajaji. Hakurudi mzima.

Matanga yalipokwisha, vijana wakalifunika gari, paa wazi vilevile, kwa turubai la msiba, lile la mtaa. Nami nikakaa eda. Kila asubuhi nililiwasha kidogo ili betri isife. Shemeji zangu walitaka liuzwe chuma chakavu, nikakataa katakata. Nyaya zikilowa, basi, lisingewaka tena, nao wangeliuza.

Mtaa ukapata msiba mwingine. Wakaja kuchukua turubai. Ni la wote, ningesemaje? Wanawake wote wakaenda kupika msibani. Mwenye eda haendi. Nikabaki peke yangu, hata wa kumwita, shoga, njoo unishikie, hayupo. Adhuhuri wingu likatanda.

Nikatoka uani, nikawasha gari, nikabonyeza swichi. Paa likanyanyuka nusu, likakwama. Nikaachia, nikakimbilia nyuma kusukuma, wapi! Nikarudi kubonyeza. Nikaibana swichi kwa mwiko wa ugali, ukateleza. Matone yakaanza. Nikaligombeza gari, mwanaharamu mkubwa we! Kisha nikamgombeza marehemu mwenyewe, Mungu anisamehe: umeniachia nini hiki, baba? Mtu mmoja analifungaje?

Tangu azikwe, nyumba ilijaa watu. Nikianza tu kulia, mmoja ananishika bega: subira, dada, subira, usimlilie hivyo. Nikameza kila mara.

Siku ile nilikaa kwenye kiti chake, kidole kwenye swichi, paa limesimama juu yangu, mvua inaingia. Nikamlilia kwa sauti yangu yote. Hakuna aliyekuja kuninyamazisha.