Betri ya Gari ya Baba

Petroli ikimwagika juu ya mchanga wa moto, harufu yake si ile ya kituo cha mafuta. Ya kituoni inapita na upepo. Hii ya mchanga inakaa. Inapanda polepole, ni tamu kidogo puani, halafu inageuka uchungu kooni kama ile dawa ya minyoo tuliyokuwa tunanyweshwa shuleni. Mwezi uliopita fundi Kilonzo aliimwaga kidogo akijaza tangi, pale kwetu ndani ya Matinyani, na mimi nilikuwa kwa kiti cha plastiki nachambua mbaazi. Ungo ukaniteleza, mbaazi zikaenda zote chini, kuku wakafurahi.

"Mwaitu, ni jua?" akaniuliza. Mwaitu ni mama, kwa Kikamba. Kilonzo ni mtu wa miaka hamsini mwenye kipara, lakini ana heshima.

Nikamwambia ni jua.

Haikuwa jua. Nitawaambia ninyi, lakini mnivumilie. Shule niliiacha darasa la tatu, na hadithi yangu inatembea kama mbuzi, ikiona jani inasimama.

Kilonzo kazi yake ni kufufua magari ya zamani ya matajiri. Alisikia Nairobi kwamba kuna gari moja kubwa ya Kiingereza imelala Matinyani kwa banda tangu bendera yetu ikiwa mpya. Akaja na kijitabu. Anasema gari kama hiyo bila historia ni kama mtu asiye na kwao, wanunuzi wanataka kujua imetoka mkono wa nani ikaingia mkono wa nani. Nikamhesabia. Wa kwanza ni mzungu wa shamba la mkonge. Wa pili ni mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Kitui mjini, watu wake walitoka pwani, na baba yangu Kimanzi ndiye alikuwa dereva wake. Wa tatu ni baba. Wa nne ni mimi, ambaye sijawahi kushika usukani.

Vile ilifika kwa baba ni hivi. Tajiri yule aliilazimisha kuvuka mto wa mchanga mvua ikiwa imenyesha huko juu. Ninyi mnaoijua mito yetu mnajua: unaona mchanga mkavu, unasikia mngurumo, na ukigeuka maji yako kiunoni. Watu walitoka wazima, gari ikazikwa hadi kwa madirisha. Tajiri akamwambia baba, "Kimanzi, ukiweza kuifufua, ni yako. Mimi nimeshaizika." Baba akaivuta nyumbani kwa ng'ombe wanne.

Watu walicheka, wee! Wakipita njiani wakielekea sokoni wanaita, "Kimanzi, leo gari yako imekula majani mangapi?" Na baba anajibu bila kuinua kichwa, "Imekula kidogo, inangoja yako."

Miaka mitatu alitoa mchanga ndani ya ile injini, kwa kijiko na unyoya wa kuku. Hilo la unyoya watu hawaamini lakini mimi ndiye nilikuwa nakamata kuku. Mbao za milangoni zilikuwa zimeoza, akachonga nyingine kwa mti wa mukau, ule ambao mbao zake mchwa anazionja na kuondoka, akazisugua mpaka ukiweka shavu unahisi ubaridi kama wa mtungi. Viti vilikuwa vya ngozi nyekundu, panya walikuwa wamevila. Akashona viraka vya ngozi ya mbuzi wetu, na kimoja manyoya hayakutoka vizuri, kwa hivyo ukikaa upande wa kushoto mbuzi anakukwaruza. Springi alizipeleka mpaka Tawa kwa mhunzi aliyemwamini. Siku ilipowaka, ilikohoa moshi mweusi, ikatulia, ikaanza kuimba kwa sauti ya chini kama wazee wakiitikia kanisani. Jumapili hiyo pasta alihubiri juu ya majivuno ya dunia, kisha akaomba apelekwe nyumbani, na alikaa mbele.

Lakini haikuwa majivuno. Mama alikuwa amepoteza watoto wawili baada yangu, wote kwa sababu hospitali iko mbali na yeye uchungu wake ulikuwa mgumu. Wa pili nilimwona. Alikuwa na nywele nyingi. Baba aliapa mezani, mkono juu ya Biblia: "Wa tatu atazaliwa kwa kitanda cha hospitali. Nitampeleka mwenyewe." Gari yote ilikuwa ni hiyo. Kila msumari ulikuwa ni huyo mtoto. Tumbo la Mama lilipoanza kuonekana, baba alinunua petroli, akaiweka kwa debe ndani ya ghala, na tangi akaliacha tupu kwa sababu vijana walikuwa wanafyonza usiku. Petroli ile haikuguswa. Hata pasta alianza kutembea tena kwa miguu.

Sasa nije kwangu.

Nilikuwa na miaka tisa. Kuku mmoja mweusi alizoea kutaga chini ya gari, na kazi ya kuingia kuchukua mayai ilikuwa yangu kwa sababu nilikuwa mwembamba. Unalala chali kwa mchanga, kuna ubaridi mzuri, unaangalia tumbo la gari. Hapo ndipo niliiona shaba. Paipu nyembamba nyekundu, imepita juu yangu kutoka nyuma kwenda mbele. Nilifikiri ni pambo. Gari yenyewe ilikuwa na mapambo kila mahali, hata kikombe cha maua kando ya dirisha, kwa nini isivae kitu tumboni?

Na nyanya yangu, Susu, mama wa Mama, alikuwa anasema kila akija: "Mwanamke aliyezika wawili hawezi kumngoja wa tatu mkono mtupu. Enzi zetu angevaa shaba nyekundu, mtoto aone pa kutokea." Baba alikuwa mzee wa kanisa, hakutaka kusikia. "Mama mkwe," anamwambia kwa adabu, "hayo tuliyaacha." Na Susu anajibu, "Mliyaacha, na watoto nao wakawaacha ninyi." Maneno makali, lakini Susu alikuwa hivyo, na mimi ndiye nilikuwa nimekaa katikati yao nikila githeri na kusikiliza.

Basi nikachukua msumeno wa chuma wa baba kwa msumari wake ukutani. Nikaingia chini kama naenda kwa mayai. Nilikata huku na nikakata kule, kipande cha urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko. Kilichukua siku mbili, kwa sababu nilikuwa nakata tu wakati baba ameenda kisimani. Halikutoka tone. Nikakipeleka sokoni kwa mhunzi pamoja na mayai sita. "Nani amekupa shaba nzuri hivi?" akauliza. Nikasema, "Baba." Akaiponda ikalala, akaipinda ikawa bangili, akaisugua kwa mchanga na majivu hadi ikawaka kama kaa la moto. Nikamwambia Mama imetoka kwa Susu. Mama akalia kidogo, akaivaa juu ya kiwiko, chini ya mkono wa gauni, pasta asiione.

Nilikuwa na furaha wiki ile ambayo sijapata tena. Nawaambia ukweli, hata siku ya harusi yangu.

Uchungu ulimshika saa sita mchana. Baba hakuwa na haraka, alikuwa amejiandaa miezi. Akamwaga lile debe lote kwa tangi, akaingia ndani, akamsaidia kuvaa, akamfunga leso, akambeba mikononi kama bibi harusi. Majirani walikuwa wamejaa uani. Mjomba Mutua, ndugu wa Mama, alikuwa anafungua mlango wa nyuma. Na wakati baba anamlaza kwa kiti, mkono wa gauni ukapanda, na shaba ikang'aa.

Hapo ndipo nilisikia ile harufu kwa mara ya kwanza.

Baba alisimama. Akapiga magoti, akaangalia chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu hata nikafikiri ameanza kuomba. Akainuka, akamwangalia Mama mkononi. Kisha akaniangalia mimi. Nilikuwa nimesimama na kikapu cha nguo za mtoto. Halafu akaenda mbele, akafungua boneti, akainama hapo kidogo, akaifunga taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Betri," akasema. "Betri imekufa."

"Tusukume!" Mutua akapiga kelele. "Tuko wanaume kumi hapa!"

"Hapana."

"Kimanzi, dada yangu anakufa! Tusukume!"

"Hata mkisukuma haitawaka. Leteni kitanda."

"Na hii petroli inanuka ni nini?"

"Nimeimwaga nikijaza. Nimesema leteni kitanda!"

Wakambeba kwa kitanda, wanaume wanane wakipokezana, wakikimbia kwa lile jua. Mimi nilikimbia nyuma na kikapu. Tulifika kwa mto wa mchanga, ule ule, na katikati Mama akaomba wamshushe apumzike. Hakuinuliwa tena akiwa hai, yeye wala mtoto. Alikuwa mvulana.

Siku ya kumwosha, pasta aliiona shaba akataka itolewe. Baba, mzee wa kanisa, akasimama mlangoni na kusema, "Ataenda nayo. Alipewa na mtu aliyempenda." Nilifikiri anamsema Susu.

Na baada ya mazishi nikaukumbuka msumeno. Nilikuwa nimeusahau chini ya gari. Nikaenda kuangalia, na kumbe unaning'inia kwa msumari wake ukutani. Nikamshukuru Mungu, nikajiambia kumbe niliurudisha.

Wiki mbili baadaye Mutua akaja na betri mpya kutoka mjini, ameibeba kichwani. Akaiweka miguuni pa baba. "Weka hii. Nataka kuona kama ingewaka." Baba hakuigusa. Mutua akamtemea mate viatuni, akaichukua betri yake, na tangu siku hiyo watu wa kwa Mama hawakukanyaga kwetu. Kijiji chote kilisema: Kimanzi ana gari ya kifalme na hakuwa na akili ya kuangalia betri. Waliomcheka zamani walicheka tena, lakini mara hii bila furaha. Kanisani wakampa mtu mwingine kazi yake.

Nami nilisema kama wao. Tena zaidi. Kila Jumamosi mpaka uzee wake, baba aliipangusa ile gari kwa kitambaa, mbao, viti, taa, na hakuwahi kuita fundi, hakuwahi kumruhusu mtu hata kuinua boneti. Nilimwona na kusema moyoni, anaipenda kuliko alivyompenda Mama. Nikaolewa mbali, Kasikeu, kwa makusudi. Alikuja mara moja kunitembelea, ameshika kuku wawili na mfuko wa ndengu. Nilimwacha kwa benchi nje mpaka jioni. Halafu nikamwambia, nakumbuka neno kwa neno, "Ulimuua mama yangu kwa uvivu. Wewe na betri yako."

Baba akaangalia kofia yake. Akasema, "Ni kweli, Kalekye. Ningeijaribu asubuhi ya siku ile."

Akafa miaka minne baadaye. Nilienda kuzika. Sikulia, na nilitaka watu waone kwamba silii.

Sasa Kilonzo. Alifanya kazi wiki tatu uani kwa baba, nilikorudi uzeeni, na siku moja akatoka chini ya gari akipangusa kipara, amefurahi kama mtoto. "Mwaitu, hii gari imetunzwa sijawahi kuona! Kila kitu kipo. Kitu kimoja tu. Paipu ya petroli imekatwa, kipande kama hiki." Akapima kwa mkono wake kutoka kiwiko, kisha akapunguza, akapunguza tena. "Kwa msumeno, na mtu asiyejua kazi. Petroli ikiingia kwa tangi yote inaishia chini. Wezi wa shaba, ama?"

Nikamwuliza betri je.

"Betri ya zamani hiyo imeoza, ya kutupa. Lakini nyaya zake hazina shida. Siku ile iliposimama, haikusimama kwa betri."

Akaweka paipu mpya, akaweka betri, akajaza tangi, ndio hapo mbaazi zilimwagika. Akawasha. Iliwaka mara ya kwanza. Ikakohoa moshi, ikatulia, ikaanza kuimba kwa ile sauti ya chini, na mimi nikasikia ile sauti ambayo Mama alilala kwa kiti chekundu akiingoja.

Mtaniuliza kama kweli miaka yote hiyo sikujua. Gari sizijui. Lakini nilimwona akipiga magoti, nilimwona akiniangalia, na msumeno haukurudi wenyewe ukutani. Labda nilijua, na nikamchukia zaidi ili nisijue. Alikuwa na neno moja la kusema na nchi nzima ingemwachilia, Mutua angemwachilia, mimi ningemwachilia. Angesema tu, "Ni mtoto." Alikaa nalo mpaka kaburini. Na mimi nikamweka kwa benchi nje.

Kilonzo alizima injini, akachukua kijitabu chake. "Mwaitu, hapa kwa mmiliki wa tatu. Niandike ilisimama kwa sababu gani?"

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini nikaona uso wa baba ukitoka chini ya gari, mchanga kwa magoti yake, na kazi yote aliyoifanya.

"Andika betri," nikamwambia.

Akaandika.