Aliyefia Kwenye Televisheni

Fundi wa kike aliyekuwa akishona kwenye chumba cha pembeni mwa soko hakuwa na cheo chochote, lakini watu walimwita Hakimu. Jina alipewa na msusi, jirani yake wa mlango kwa mlango, na sababu ilikuwa televisheni. Televisheni yenyewe ilikaa juu ya kabati la vitambaa, imevishwa nguo ya maua aliyoishona kwa mabaki ya gauni la harusi ya mtu. Jioni alipoifunua, wanawake wa jirani waliingia mmoja mmoja, wakakaa kwenye benchi la wateja, wakanyamaza. Kunyamaza ndiyo iliyokuwa sheria ya mle ndani. Mchezo ukiendelea, mwenye kikohozi akakohoe nje. Yakiingia matangazo, Hakimu alisimamisha cherehani, akavua miwani, akatoa hukumu. Hapo ndipo midomo ilipofunguliwa, na matangazo yakiisha ilifungwa tena, hata kama mtu yuko katikati ya neno.

Hukumu zake zilikuwa za moto.

"Tazameni huyo," alisema siku moja. "Eti maskini, hana pa kulala. Gauni limemkaa kama kamiminiwa. Nani kamshonea, njaa?"

"Labda kagawiwa," alisema muuza mkaa, mama mmoja mnene wa ng'ambo ya barabara, ambaye hakuchoka kupinga.

"Kagawiwa na zipu ya kujificha? Na yule mume je? Jana alikuwa mfupi mweusi, leo kaja mrefu ana sura nyingine kabisa, na mke anampakulia chakula wala hashtuki! Mimi marehemu mume wangu alinyoa ndevu tu nikamfungia mlango."

"Wamebadilisha mwigizaji, Hakimu."

"Basi na mke wangempa taarifa."

Walicheka mpaka benchi likalia. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Hakimu hakulifanyia mzaha, nalo ni tamthilia zinazofufua watu. Mtu kaugua, kafa, kazikwa, watazamaji wamemlilia, halafu siku ya harusi mlango unafunguka na yeye huyo anaingia na miwani ya jua. "Nimelowesha shati la mteja kwa machozi kwa ajili yake," alisema, "leo ananirudia anatabasamu. Hapana. Aliyekufa abaki huko huko. Mkimfufua, kile kilio chetu mnakipeleka wapi?"

Na kulikuwa na kipindi kimoja alichokichukia kuliko vyote, kile cha vijana wanaofungiwa kwenye jumba lenye kamera kila kona, wanakula, wanalala na kugombana nchi nzima ikiwaangalia, na kila wiki watu wanapiga kura mmoja anatolewa. Yeye alikiita zizi. "Tena ng'ombe wana nafuu," alisema, "usiku wana giza lao."

Mziwanda wake alikuwa akiyasikia yote hayo. Alikuwa msichana mwembamba mwenye kucheka kwa mabega, na ndiye aliyebaki nyumbani baada ya kaka zake kutawanyika. Kazi yake ilikuwa kushona vifungo. Alikaa sakafuni chini ya meza ya kukatia na kikapu cha vifungo mapajani, na hukumu za mama yake zilimpita juu ya kichwa tangu akiwa mtoto. Yeye hakutoa maoni. Mama yake alidhani hana.

Basi jioni moja yakaingia matangazo, na kabla Hakimu hajavua miwani, Mziwanda akasema kutoka sakafuni:

"Mama, nimechaguliwa."

"Umechaguliwa wapi?"

Msichana alinyoosha sindano kuelekea televisheni. "Mle. Kwenye jumba. Nilikwenda kwenye usaili na niliogopa kukwambia. Gari linakuja kesho kutwa."

Msusi alipiga kigelegele, kisha akaona uso wa Hakimu, akakimeza. Mziwanda angengoja wabaki wawili na mama yake, labda mambo yangekuwa mengine. Lakini yeye amelelewa kwenye sheria ya mle ndani, kwamba jambo zito linasemwa wakati wa matangazo, na akalileta mbele ya benchi zima kama linavyoletwa shauri lolote. Na Hakimu akalihukumu kama alivyohukumu yote, mbele ya watu, bila kufikiri mara mbili.

"Ukiingia humo, mimi nimekufa. Wakikuuliza mama yako yuko wapi, waambie alishazikwa."

"Hakimu!" msusi alisema. "Hilo neno zito. Lirudishe."

"Neno langu halina rivasi."

Matangazo yakaisha. Hakuna aliyesema tena, maana sheria ni sheria. Mziwanda aliinuka, akaweka kikapu cha vifungo mezani taratibu ili visimwagike, akatoka. Mama yake aliutazama mchezo mpaka mwisho, na alipoulizwa baadaye umehusu nini hakujua.

Gari lilikuja, likamchukua. Hakimu alikuwa ndani anapiga pasi, na aliendelea kuipitisha pasi kwenye suruali ambayo ilikwisha kunyooka.

Siku za mwanzo televisheni ilikaa imefunikwa. Wanawake walichungulia, wakarudi. Kisha akaifunua mwenyewe, akasema anataka kuona jinsi watakavyomharibia mtoto, na benchi likajaa kuliko siku zote. Hawakumharibu. Mziwanda aliwapikia wenzake, akawapatanisha, akawashonea vifungo vyao vilivyokatika, na watu wakampenda. Alivaa lile gauni la kijani ambalo mama yake alimshonea alipomaliza shule. Pindo lake lilikuwa limefumuka upande mmoja. Kila alipopita mbele ya kamera vidole vya Hakimu viliwasha.

Mle jumbani kulikuwa na kiti ambacho kila mshiriki hukaa peke yake akaulizwa maswali. Zamu ya Mziwanda ilipofika, mtangazaji alimuuliza, "Nyumbani, nani anakutazama sasa hivi?"

Msichana akaanza kuzungusha kifungo cha mkono wa gauni.

"Shangazi. Mama alifariki."

"Pole sana. Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona."

"Aliugua?"

"Hapana. Ilikuwa ghafla. Jioni moja tu, tunaangalia televisheni."

Alipolia, alilia kweli. Pale kwenye benchi hakuna aliyemdhania anaigiza, na mama yake ndiye aliyejua hivyo kuliko wote.

Yakaingia matangazo. Benchi zima likamgeukia Hakimu. Hakuvua miwani. Alikuwa akikanyaga cherehani, na sindano ilikuwa ikipanda na kushuka juu ya kitambaa, inatoboa tu.

"Uzi umekatika, shoga," muuza mkaa alimwambia kwa upole, na siku hiyo hakupinga kitu.

Tangu hapo nchi nzima ilikuwa na yatima wake. Wateja waliokuja kupimwa walimsimulia Hakimu habari za binti yake mwenyewe. "Kanitoa machozi yule mtoto," alisema mmoja, ameinua mikono apimwe kifua. "Kura yangu ni yake. Asiye na mama anatia huruma." Hakimu alimzungushia futi, akasoma kipimo, akasahau, akapima tena. "Hata mimi," alisema. Na kweli alimpigia kura. Alimpa msusi simu ambonyezee, kwa kuwa macho yake na herufi ndogo havikupatana, na akamwambia akithubutu kumtajia mtu atamshonea mdomo.

Msusi hilo hakulitaja. Lile la uzima wa mama ndilo lililomponyoka, kwenye kichwa cha mteja, suka hili suka lile. Neno likatembea. Jioni moja kabla ya fainali, mtangazaji wa kituo cha televisheni, binti mdogo mwenye manukato makali, akaingia pale na mpiga picha nyuma yake. Benchi lilikuwa limejaa.

"Shikamoo, mama. Tumesikia yule binti ana mama mzima, na kwamba ni wewe."

"Marahaba. Mmesikia kwa nani?"

Msusi aliitazama dari.

"Mama, sikiliza," mtangazaji alisema, akachuchumaa kando ya cherehani. "Siku ya fainali tunakuweka nyuma ya mlango. Muziki unapigwa. Mlango unafunguka, binti anakuona. Hebu fikiria! Ukumbi mzima utalia."

"Na yeye?"

"Yeye… atajieleza tu."

Hakimu aliyajua ya kujieleza. Alikuwa ameangalia watu wengi wakijieleza kwenye televisheni, na hakumkumbuka hata mmoja aliyeinuka salama. Wangemwita mwongo kabla muziki haujaisha. Wale wale waliomlilia ndio wangemzomea, maana wangetaka kilio chao warudishiwe. Lakini upande wa pili wa ule mlango kulikuwa na mwanawe. Angemshika. Angemwambia lile neno limerudi, limeona njia.

"Sema ndiyo, mwanamke," msusi alinong'ona, machozi yanamtoka. "Mwanao huyo."

Hakimu alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga.

"Mama yake alifariki," alisema. "Mimi ndiye shangazi. Watu wa hapa wanatuchanganya, tulifanana."

"Una hakika?"

"Ningekuwa mamake, ningekosa kumfuata mwanangu?"

Mtangazaji alilitazama benchi, asaidiwe. Benchi likanyamaza. Lilikuwa limefundishwa kunyamaza.

Mziwanda hakushinda, alishika nafasi ya pili, lakini kituo kikamwajiri hapo hapo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupigwa picha akirudi nyumbani. Hakimu aliambiwa asubuhi, akafagia, akafuta mashine, akajifunga kilemba. Msichana akaingia mlangoni na kamera nyuma yake, amevaa lile gauni la kijani, na akasimama pale palipokuwa na kikapu cha vifungo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Shangazi, tuambie kidogo," mtangazaji yule wa manukato alisema. "Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mkaidi," Hakimu alijibu. "Na alipenda sana televisheni."

Hapo mikono yake ikakosa kazi. Akapiga magoti, akachomoa sindano iliyokuwa kifuani, akaanza kushona pindo lililofumuka, msichana akiwa amesimama. Mziwanda akamwekea kiganja juu ya kilemba, akakiacha hapo. Alishona polepole kuliko alivyowahi kushona maishani, lakini pindo la gauni si refu, na gari lilikuwa linapiga honi. Kamera haikutoka hata dakika moja.

Baada ya hapo simu zilikuja. Hata kwenye simu Mziwanda alimwita shangazi, labda kwa kuwa daima palikuwa na mtu pembeni, labda kwa kuwa alishazoea. Hakimu hakuuliza ni lipi.

Siku kipindi kile cha kurudi nyumbani kiliporushwa, benchi lilijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni. Pindo walilikata, na kiganja wakakikata. Alionekana bibi mmoja mwenye kilemba akisema marehemu alikuwa mkaidi, basi. Yakaingia matangazo.

Hakuna aliyethubutu. Mwishowe muuza mkaa akajikohoza. "Haya, Hakimu. Hukumu."

Alivua miwani. Alitazama lile tangazo la sabuni, mama na mtoto wanaanika mashuka meupe, wanacheka.

"Yule bibi," alisema, "alipaswa kumwambia yule mtoto neno."

"Neno gani?" msusi aliuliza.

Hakimu alifungua mdomo. Matangazo yakaisha. Akavaa miwani, akatunga uzi, akakanyaga cherehani.