Telemetri Mbele ya Kitenge cha Mistari

Miaka ile ambayo kiwanda kilikuwa kikiwalipa watu ahadi, wapiga picha wa mtaa wetu wa Kikula tulibaki wawili: mimi na jirani yangu. Yeye alikuwa na refleksi, mashine inayokuonyesha kile kile lensi inachokiona. Yangu ilikuwa telemetri. Unachungulia kidirisha cha pembeni, unaona kitu kimoja kimekuwa viwili, unazungusha pete mpaka viungane. Hapo umepata umbali, na picha haitatoka na ukungu. Kwa mtu anayehesabu kila kitu mara mbili, mashine haikuhitaji kuwa na akili zaidi ya hiyo.

Dada mmoja muuza mihogo akatuita sote wawili. Mama yake alikuwa hatoki tena kitandani, na hakuwa amepigwa picha hata siku moja. "Akienda bila foto," alisema, "batoto batasahau uso yake."

Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo. Umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikuwa umekwenda zake, na betri za flashi zetu zilikufa kabla ya kiwanda.

Jirani alianza. Lensi yake ndefu ilipenda jua. Humo ndani kioo kilimpa giza tupu. "Naona usiku tu," akanung'unika.

"Ile ndio uso yangu, baba," mgonjwa akajibu. "Haiko usiku."

Tukacheka wote, jirani akiwa wa mwisho. Zamu yangu ikafika, na filimu yangu imebaki pozi moja, picha moja tu.

Mama alikuwa amevaa kitenge cha bamama wa kanisa, mistari ya upana wa kidole. Nikakilenga kifuani, nikazungusha pete, mistari ikalaliana safi kabisa. Mwingine angebonyeza. Mimi nikasoma pete kwanza: mita tatu. Nacho chumba hakikuwa na mita tatu, na mgongo wangu ulikuwa tayari ukutani! Mstari mmoja ulikuwa umelala juu ya mstari wa pembeni yake, na telemetri, mbele ya vitu vinavyofanana, haiulizi nani ni nani. Refleksi haiingii mtego huo, nakiri. Ila ipewe mwanga.

Nilihitaji kitu cha pekee, kisicho na pacha wa karibu. Dirisha lilikuwa likimeta katika jicho lake lililofumbuka nusu.

"Mama, fungua macho, tazama dirisha."

"Minachoka. Mashine yako iko na macho mbili, unaomba tena na yangu?"

"Nikopeshe moja tu."

"Moja. Ile ingine inalala."

Akafungua yote mawili, ili nione aibu. Nikashika moja tu; nukta yake ya mwanga, iliyoonekana mbili kidirishani, ikaungana ikawa moja.

"Usipumue kidogo, Mama."

"Iyo nitafanya siku ingine."

Nikangoja amalize kucheka, nikabonyeza.

Filimu ilisafishwa Lubumbashi. Sikio lilififia, lakini kope zilihesabika; nilizihesabu, kisha nikarudia. Binti alitaka kuificha picha katika valizi, pamoja na karatasi za ubatizo, mpaka siku yenyewe. Mama akaishika karibu na pua, akaitazama.

"Apana valizi," akasema. "Tundika pale batoto banakulia chakula. Miye ningali hapa. Bakiuliza huyu ni nani, nitabajibia mwenyewe."