Nilitaka damu ya mtoto itaje ukoo wenye ukojozi

Wakuu, salamu kutoka Matiliku. Hii sikusimuliwa, imenipata mwenyewe, na mke wangu bado ananicheka.

Binti yangu Kalondu ana miaka tisa na bado anakojoa kitandani.

Ana jina la mama yangu. Kwa sisi Wakamba, huyo sasa ni mama yako. Namwita mwaitu, yaani mama. Hebu jaribu kumgombeza mama yako juu ya godoro kulowa.

Kwa hivyo nikamgombeza mke wangu. Nikamwambia haya mambo ni ya kwao huko Zombe, kwetu hayajawahi kuonekana. Nilisema bila kupepesa macho, wakuu.

Halafu kanisa likatangaza kambi ya watoto wa Sunday school. Kalondu alipewa solo, akaifanyia mazoezi mpaka kuku wetu wanaijua. Ghafla akasema haendi. Akaacha hata kunywa maji, na joto la huku mnalijua.

Hapo niliumia.

Tukaenda hospitali, mimi, mke, mtoto na mama yangu. Nikamwomba daktari apime damu vizuri, aone hii kitu imetoka upande gani. Aliniangalia kama mtu aliyeleta mbuzi kung'olewa jino.

Akapima mkojo na damu. Sukari sawa, figo sawa.

Akatueleza kuna homoni ambayo usiku huiambia figo ipunguze mkojo. Kwa watoto wengine haipandi vya kutosha, na usingizi wao ni mzito. Si uvivu wala ukaidi. Mara nyingi inatembea kwa familia, lakini hizo test hazitaji ukoo. Afadhali aulize tu: kati yetu wazazi, nani alikuwa hivyo?

Nikageukia chati ya chanjo ukutani. Niliisoma yote.

Mama akakohoa kidogo. "Daktari, ni huyu. Mpaka darasa la saba. Na akimwachia Kalondu hii aibu peke yake, ameniachia mimi."

Mtoto akaniangalia. "Baba, hata wewe?"

"Hata mimi, mwaitu."

Akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Tukaambiwa anywe maji vizuri mchana, jioni apunguze, aende choo kabla ya kulala, na turudi aonwe tena. Akaenda kambi.

Huko alilowesha godoro. Wenzake walipoanza kumcheka, akawaambia hata baba yake, yule anayesoma matangazo kanisani, alikojoa mpaka darasa la saba. Solo akaiimba yote.

Jumapili nikasimama kusoma matangazo. Benchi lote la watoto lilikuwa linatabasamu. Nikasoma hivyo hivyo, masikio yakiwaka.

Funzo: kabla ya kuuliza mtoto ametoa wapi tabia fulani, jikumbuke kwanza.

Haya, na wewe uliacha darasa la ngapi? Tusidanganyane hapa, mama zenu bado wako hai.