Nyuzi Nyekundu za Shibiri

Walimwita Shibiri, na jina hilo alilipata kwa haki. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake kwenye maeneo ya ujenzi ilikuwa moja tu: kuzuia udongo usishuke na mvua. Wengine walipandisha kuta, yeye alichimba. Jengo likikamilika watu hupiga picha mlangoni, na hakuna hata mmoja anayeuliza ni nani aliyewakinga na tope majirani wa chini. Kazi yake ikiwa nzuri hakuna anayeiona. Ikiharibika, wanaiona wote.

Kwa kuitazama, si kazi ya maajabu. Unapigilia vigingi kwenye mteremko, chini ya udongo uliofukuliwa, kisha unafunga kitambaa kigumu kwenye vigingi hivyo mpaka kinakuwa uzio unaofika kiunoni. Maji yanapenya polepole, udongo unabaki. Lakini kazi yenyewe iko chini. Lazima uchimbe mtaro mwembamba wa kina cha shibiri moja, uingize pindo la kitambaa humo, ufukie, ushindilie kwa kisigino. Usipofukia, maji hayana haja ya kugombana na kitambaa chako. Yanapita chini yake na kwenda zake.

Kila mtaro aliupima kwa kiganja, kutoka kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, amepiga magoti. Wenzake wa zege walikuwa na mchezo wao.

"Mzee, unapima kaburi la panya?"

"Ndiyo, na panya wangu atalala salama," aliwajibu bila kuinua kichwa.

Kitambaa kilishonwa na dada yake mkubwa. Alikuwa fundi cherehani, na alikaa chini ya mteremko uleule ambao ghorofa jipya lilikuwa linapanda juu yake, katika nyumba ya vyumba viwili pamoja na mama yao, ambaye miguu ilikwisha kumkataa. Kitambaa kililetwa vipande vipande, dada akaviunga. Pindo la chini alilikunja juu na kulipiga bandi kwa uzi mwekundu, ile mishono mirefu ya muda, ili lisiburuzwe njiani likachanika. Shibiri akishachimba mtaro alikata bandi kwa wembe, pindo likashuka shimoni, na zile nyuzi akazitia mfukoni kabla udongo haujazigusa, ziwe ushahidi kwamba kila pindo limeshuka. Jioni alipita kwa dada yake na kuzimwaga juu ya cherehani, safi kama zilivyotoka kwenye kibiringo.

"Haya, hesabu," alisema.

"Nitahesabu mpaka nife," dada alijibu. "Wewe si wa kuaminiwa."

Mama aliwasikia kutoka chumba cha nyuma akacheka peke yake. Utani huo ulikuwa na umri wa miaka, na hakuna aliyeuchoka.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Siku moja kabla ya hiyo, lori lilirudi nyuma likaung'oa uzio wote wa upande wa chini. Juu yake kulikuwa na kifusi cha udongo wa msingi, kikubwa kuliko nyumba ya dada yake, hakijafunikwa hata kwa turubai. Asubuhi iliyofuata msimamizi wa ujenzi alimfuata Shibiri akihema.

"Mkaguzi anakuja saa nne. Simamisha uzio."

"Bosi, kuchimba tu kutanimalizia asubuhi yote."

"Nani kasema uchimbe? Simamisha uonekane. Utafukia mchana."

"Uzio usiofukiwa ni pazia, bosi."

"Basi weka pazia."

Akaliweka. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, na ilimuuma, lakini aliliweka. Pindo likabaki limekunjwa na bandi yake. Mkaguzi alifika saa tano kasoro, akashusha kioo cha gari, akatazama kwa mbali, akaandika kitu juu ya goti lake, akapandisha kioo. Hata kiatu chake hakikugusa udongo. Mimi sijui mtu wa aina hiyo analipwa kwa kazi gani, maana hata ng'ombe aliyepita pale angejua zaidi.

Shibiri alichukua sururu ili aanze kuchimba. Hapo ndipo zege lilipofika, na zege halimsubiri mtu. Watu walikuwa pungufu, akaitwa juu kusukuma toroli. Alisema moyoni, nikimaliza tu nashuka.

Saa saba mbingu ilikuwa imefunga. Simu yake ikalia, alikuwa dada.

"Mdogo wangu, mawingu haya siyapendi. Nina sare za shule za kupeleka sasa hivi. Nimtoe mama kwanza, nimpeleke kwa jirani?"

Shibiri alitazama chini. Uzio ulikuwa umenyooka, mweupe, mzuri. Angeweza kusema ndiyo, mtoe. Lakini angeulizwa kwa nini, na angelazimika kusema kwamba leo Shibiri ameweka pazia. Aliona haya. Hivyo tu, haya ya mtu mzima mbele ya dada yake.

"Nenda tu, dada. Uzio upo."

Na kweli ulikuwepo.

Mvua haikupiga hata saa nzima. Kifusi kililowa, kikalegea, kikashuka chote kwa pamoja. Maji yalitangulia chini ya kitambaa, yakala udongo kwenye mizizi ya vigingi, na tope lilipofika halikukuta cha kulizuia. Lilibeba uzio na vigingi vyake, likausukuma mlango wa nyuma wa ile nyumba, likaingia.

Shibiri alikimbia mteremko wote akianguka na kuinuka. Chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa mpaka kifuani mwa mtu. Walichimba kwa sepetu, na yeye akachimba kwa mikono kwa kuogopa kumchoma mama yake. Walimpata ukutani, mkono mmoja umeshika ukingo wa kitanda. Wale wenzake wa zege, wale wa kaburi la panya, ndio waliombeba kumtoa nje, na mmoja wao alikuwa analia kwa sauti.

Shibiri alibaki ndani. Kitambaa kilikuwa kimejizungusha kwenye fremu ya mlango, na pindo lake limekunjwa vilevile, bandi nyekundu mshono kwa mshono. Aliitazama. Nje alisikia sauti ya dada yake ikifika njiani, ikiuliza kuna nini. Akatoa wembe. Alikata haraka, akazinyofoa nyuzi akazitia mfukoni, kisha akatoka kumpokea.

Walizika kesho yake. Watu walisema yale wanayosema watu: kazi ya Mungu haina makosa, mvua haizuiliki. Msimamizi alikuja akasimama nyuma kabisa. Dada hakusikia hata mmoja. Alikuwa na neno moja tu, akilirudia kwa kila aliyemshika mkono.

"Ni mimi. Ningemtoa kwanza. Sare zingesubiri. Ni mimi niliyemwacha."

Shibiri alikuwa kando yake. Neno moja lake lingeuondoa mzigo ule mabegani mwa dada na kuuweka unapostahili. Akageuka kupokea mkono wa mwombolezaji mwingine. Labda hata uzio ungefukiwa, alijiambia, kifusi kikubwa namna ile kingepita tu. Labda. Aliirudia hiyo labda siku tatu mfululizo.

Siku ya tatu walikuwa wawili tu, wakitoa tope la mwisho. Dada aliketi kwenye kiti cha cherehani yake iliyoharibika. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Siku ile hukupita jioni," alisema.

"Ningepitaje, dada?"

"Najua. Lakini zile nyuzi unazo? Nataka kuzishika tu. Nijue kwamba angalau wewe ulifanya kazi yako, na kosa ni langu mwenyewe."

Shibiri aliingiza mkono mfukoni. Alizimwaga juu ya cherehani kama siku zote, ila safari hii hakusema ahesabu.

Dada alichukua uzi mmoja, akauvuta kati ya vidole viwili. Tope lililokauka lilipukutika likaanguka juu ya bamba la cherehani. Akachukua wa pili, na wa tatu. Kisha akainua uso na kumtazama mdogo wake.

"Siku zote," alisema, "unaniletea zikiwa safi."