Mheshimiwa Anataka Niseme Uwanja wa Mama Zetu ni Zawadi Yake

Admin, nakuomba ufiche jina langu na la kijiji changu, maana huku upande wa Wamaza sauti yangu inajulikana kuliko sura. Nina miaka thelathini na mmoja, nina mke na watoto. Ni mkulima, ila Jumapili mimi ndiye mwenye mikro: natangaza mpira uwanjani. Najisifu kidogo, mnivumilie. Mechi nisipoitangaza mimi, watu wanasema imepoa.

Mnajua kwetu Kongo mtangazaji anatupa majina. Mtu anapiga kona, wewe katikati ya kona hiyo unamtaja papa fulani mwenye duka, naye anakukumbuka. Wachimba dhahabu wa Salamabila wakija nawaita wote mabosi, hata yule aliyevaa viatu vya kuazima. Hakuna anayedanganywa, wote tunacheka, na kazi hiyo siionei aibu. Wanaonichosha ni wanasiasa. Siku hizi kila kombe lina sura ya mtu, kila jezi ina sura ya mtu, na soksi zingekuwa pana wangejiweka hata huko. Kura zikikaribia, mipira inatunyeshea. Zikipita, watoto wanarudi kwenye mpira wa majani ya mgomba. Inaniuma sana kumwona kijana amefunga bao zuri kwa jasho lake, halafu anakimbilia kupigia magoti picha ya mtu.

Sasa nisikilizeni. Uwanja wetu hatukupewa na mkubwa yeyote. Yalikuwa mashamba ya mihogo ya mama zetu, na mama yangu ni mmoja wao. Vijana walikuwa wakichezea barabarani, pikipiki zinawakosakosa, mpaka akina mama wakachoka kuogopa. Wakavuna mihogo kabla ya wakati wake, wakang'oa visiki wenyewe kwa salongo, kazi ya pamoja, kisha wakamwambia chefu, mkuu wetu wa jadi: watoto wacheze, lakini ardhi inabaki yetu. Karatasi hakuna. Huku kwetu neno likisemwa hadharani mbele ya chefu, watu wakanyamaza, basi limekuwa kweli. Mipaka yetu yote imewekwa hivyo.

Jumapili hii ni fainali. Mheshimiwa, mwanasiasa anayetafuta kura zetu, anakuja, na chefu atakaa pembeni yake. Wiki iliyopita msaidizi wa Mheshimiwa alinifuata mpaka shambani.

"Kaka, Muheshimiwa iko anakupenda sana. Anakutumia bafle mupya za sauti kubwa na jenereta. Kisha kampanye ya kura, kazi yako ku redio kule Kasongo iko tayari. Anaomba kitu moja tu: mbele ya mupira kuanza, useme kiwanja hii njo zawadi yake kwa vijana."

"Lakini kiwanja iko ya wamama," nikamwambia.

Akacheka. "Si kila Jumapili unatupa majina ya watu? Hii nayo ni jina tu."

Jina tu! Nilibaki nimeshika jembe, hasira zimenipanda na tamaa nayo imenipanda, vyote pamoja. Uwanja ule uko kando ya barabara ya kwenda Salamabila. Mwenye pesa akiutazama haoni magoli, anaona madepo ya biashara. Nikilisema neno hilo kwenye mikro na chefu akaitikia kwa kichwa, mama zetu hawana ardhi tena.

Nikamweleza mke wangu. Si mwanamke mbaya, mateso yetu anayajua. Akaniambia: "Usiposema weye, watatafuta mwingine aseme. Kiwanja itaenda tu, na weye utabaki na jembe yako." Zile bafle zimeshafika, ziko sebuleni, amezifunika shuka. Mimi nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikikaa nasimama, nikisimama sijui nilikuwa naenda wapi. Nimefikiria kujifanya mgonjwa. Lakini nikiugua, mikro itashikwa na mwingine, na huyo hana mama pale.

Jana nikasema liwalo na liwe, naenda kumweleza mama. Nikamkuta anamenya mihogo. Kabla sijafungua mdomo, akaanza yeye:

"Tumesikia Muheshimiwa anakuja na maneno ya kiwanja. Siye wamama tulikutana. Wenzangu walitaka tusimame wote, tubishe mbele ya chefu. Nikawaambia hapana, kelele itakuwa mingi, sauti yetu haitafika. Nikawaambia mutoto wangu njo mwenye mikro. Ye atatusemea. Wamekubali, watanyamaza, watakuacha weye."

Akanipa muhogo wa kuchemsha. Nikala, nikashukuru, nikaondoka bila kumwambia kitu. Ninyi mnaosoma, nioneni: wale wanawake wangeweza kujitetea, sasa watakaa kimya kwa sababu wananiamini mimi. Nikikataa, mke wangu atanihesabu mjinga, na watu wa Mheshimiwa nawajua, hawasahau. Nikikubali, nitapata kazi niliyoiota tangu utoto, na ukimya wa mama yangu ndio utakaonisaidia kumnyang'anya.

Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Mnipe shauri kabla ya Jumapili: nikiwasha mikro, na mama ananitazama, niseme nini?